Anza na Kwema

Nyumbani kwa Mkaguzi hukubisha mlango. Ulisimama kule barabarani, nje ya ua wa mikonge, ukapaza sauti, ukataja jina lako, kisha ukasema "Kwema!" Ndipo uliruhusiwa kueleza kilichokuleta. Hata kama ulikuja kumwambia kwamba ng'ombe wake amevunjika mguu, ulianza na kwema. Mgeni asiyejua desturi hiyo akiugonga mlango kwa mkono, alisikia kitu kikianguka mle ndani, kikombe au kigoda, na muda ulipita kabla ya mtu yeyote kumjibu. Watu wa Mutomo walimcheka Mkaguzi. Mimi nilimcheka kuliko wengine, kwa sababu alikuwa akinikera.

Nilikuwa na bucha pale sokoni. Mume wangu alifariki ikabaki mikononi mwangu, na wanaume waliosema nitaifunga baada ya mwezi walikuja kuwa wateja wangu. Naye Mkaguzi alikuwa mkaguzi wa nyama. Hakuna mnyama aliyeingia buchani kabla hajaning'inizwa pale kichinjioni, akapasuliwa, akatazamwa naye, akapigwa muhuri wa zambarau. Bila huo muhuri huuzi hata mfupa. Kwa miaka zaidi ya kumi tuligombana karibu kila siku ya soko, na sasa kwa kuwa hayupo nagundua kwamba sijawahi kuongea na mtu mwingine kwa urefu kama nilivyoongea na yeye.

Nitalisema mapema jambo lililokuwa chini ya hayo yote, maana mwenyewe hakunificha. Mkaguzi alikuwa akimngoja mwanamke mmoja wa Kyuso. Hakujua atakuja lini, wala kama atakuja. Lakini kila mlango uliogongwa, kwake aliyegonga alikuwa huyo mwanamke. Na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kungoja huko ndiko kunakommaliza.

Kazini alikuwa na sheria iliyotutoa jasho sisi wenye bucha: mnyama lazima alale. Ng'ombe aliyetembezwa kutoka upande wa mto Tana, mbuzi walioshushwa kwenye lori wakiwa wamefungwa miguu, wote walilala kwenye zizi la kichinjio hadi kesho yake. Wapewe maji. Wasione damu. Asibaki mmoja peke yake, kwa sababu mbuzi akiwa peke yake huita wenzake mpaka sauti inakauka. Sisi tulikuwa na wateja, hoteli zinangoja supu asubuhi, na yeye anatuambia ng'ombe amechoka! Jioni ungemkuta amezunguka lile zizi, mikono nyuma, akiongea na mbuzi kwa Kikamba taratibu: kaeni, kunyweni, hakuna mtu anawafukuza. Mwanaume mzima mwenye mshahara wa serikali. Nilimwambia siku moja kwamba kama angeongea na sisi wenye bucha hivyo tungemchagua diwani.

"Mama Bucha," akaniambia, "wewe unafikiri woga unakaa wapi?"

"Kwa kichwa."

"Kwa kichwa ni habari tu. Woga wenyewe uko kwa moyo na kwa figo." Alikuwa ameshika moyo wa fahali kiganjani, ameupasua, anaufungua kwa kidole gumba. "Kuna nyuzi nyembamba, mishipa ya fahamu, zinatoka kwa uti wa mgongo zinaingia mpaka ndani ya nyama ya moyo. Zingine zinaenda kwa figo. Mnyama akishtuka, hizo nyuzi zinamwaga dawa pale pale. Dawa ya kukimbia. Moyo unapiga mbio, figo zinashikilia maji na chumvi, mwili wote unajitayarisha. Sasa akiwa amefungwa, atakimbilia wapi?"

"Hakimbilii popote. Anachinjwa."

"Anachinjwa na dawa yote iko ndani."

Basi alimkagua kila mnyama kwa namna yake. Mapafu na ini aliyatazama haraka kama wakaguzi wote, lakini moyo na figo aliviweka kiganjani akavipima, akavigeuza kwenye mwanga. Akiona madoadoa ya damu juu ya moyo, au nyama imekuwa nyeusi na kavu, alisema, "Huyu aliona." Akikuta kila kitu kimetulia alisema, "Huyu hakuona," na akapiga muhuri kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeletewa salamu nzuri. Mimi nilimuuliza huyu fahali kaona nini, sinema? Hakucheka. Mambo mengine yote alicheka, ila hilo hapana.

Aliyekubaliana naye alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, aliyetuletea mifugo karibu kila juma. Huyo dini yake ilikuwa imemfundisha tangu zamani kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama, na mnyama hachinjwi mwenzake akitazama. Walikaa pamoja kwenye gogo nje ya kichinjio wakinywa chai ya maziwa ya ngamia aliyoibeba kwenye chupa, wakitusengenya sisi watu wa haraka. Yeye ndiye aliyeishika desturi ya Mkaguzi kuliko hata majirani. Alianzia mbali kabisa, "Kwema! Kwema! Kwema!" mpaka mbwa wa mtaa wakaijua sauti ile wakaacha kubweka.

Usidhani Mkaguzi alikuwa mwoga. Hapo ndipo aliponichanganya. Siku moja fahali alikata kamba katikati ya soko. Akaangusha meza za nyanya, akamkanyaga mtu mguu, watu wakapanda juu ya mabati ya vibanda. Mkaguzi alitoka hotelini bado anatafuna, akamwendea yule fahali mwendo wa mtu anayeenda msalani, akasimama upande wake, akaongea naye, akaokota kamba, akamrudisha zizini. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Aliendesha pikipiki ya ofisi kwa kasi ya kutisha kwenye ile barabara ya mchanga, na alipoanguka aliinuka akicheka. Lakini mtoto akiangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake, alijishika kifua, midomo ikabadilika rangi. Hatari kubwa ilimkuta ametulia. Sauti ndogo ndizo zilizomwonea.

Na redio. Aliipenda, aliiwasha kwa sauti ya juu, taarifa, mpira, nyimbo. Lakini yalipofika matangazo ya vifo, pale mtangazaji anapoanza kutaja fulani baba wa fulani, alinyoosha mkono akaizima hata kama yuko kwenye nyumba ya mtu mwingine. Aliizima kwangu mara nyingi. Nilimwambia ni redio yangu, nataka nijue nani amekufa.

"Ukijua atafufuka?" akaniuliza.

Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Jumapili moja mchungaji alihubiri jinsi Mungu anavyoijaribu mioyo ya watu, akahubiri vizuri, watu wakalia. Tulipotoka nje Mkaguzi alimshika mchungaji mkono akamwambia, "Umesahau figo." Mchungaji akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Aliamini kabisa kwamba siku ile ya mwisho atapasuliwa na kuwekwa kiganjani, na kwamba madoa yataonekana.

Mke wa Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole wa huko kwao milimani, juu ya Tawa, mwenye maneno machache. Tulizoeana taratibu kupitia kupeana mbegu za pojo. Kuna siku aliniambia, akitazama chini, kwamba alikuwa amehamia chumba cha watoto. Nikafikiri ni ugomvi wa kawaida. "Si ugomvi," akasema. "Ni moyo wake. Akilala unapiga mpaka kitanda kinatikisika. Nasikia kwa godoro. Siwezi kulala juu ya huo moyo." Nilienda nyumbani na usiku wake nikajikuta nasikiliza wangu.

Sasa ya Kyuso. Niliyajua kwa sababu ya bandama.

Alikuwa na tabia hii: kabla ya kugusa kitu chochote aliuliza, "Bandama iko wapi?" Liwe limekaa pembeni kwenye sinia, zima, halijakatwa. Siku moja vijana wangu wa kuchinja walikuwa wameshalichoma wakalila na chumvi kabla hajafika, maana bandama kwa wachinjaji ni haki yao, na hakuna anayekumbuka ilianzaje. Alipouliza, wakatazamana. Mkaguzi akamkataa fahali mzima. Nyama nzuri, nyekundu, mafuta meupe, ikamwagiwa dawa na kutupwa shimoni mbele ya macho yangu. Nilimpigia kelele maneno ambayo mama Mkristo hasemi. Nilimwambia ana roho mbaya, nilimwambia watu watamroga. Alikaa kwenye lile gogo, akangoja nimalize, kisha akaniambia keti.

Kabla ya Mutomo alifanya kazi Kyuso. Ilikuwa ile njaa ambayo watu walikufa na pesa mkononi, kwa sababu chakula cha kununua hakikuwepo. Ng'ombe walikuwa wakianguka kila boma. Na sisi Wakamba tuna jambo letu: ng'ombe akiwa anakufa, unamuwahi na kisu. Ukimkata shingo kabla pumzi haijatoka, ni nyama. Ukichelewa ni mzoga, hauliwi. Kwa hiyo neno moja tu ndilo lililoulizwa miezi ile, na mkaguzi alikuwa analiuliza kila asubuhi: mlimuwahi?

Aliitwa kwenye boma moja. Ng'ombe ameshapasuliwa chini ya kivuli, bandama halipo, wachinjaji wameshalila. Mwenye boma yuko, mkewe yuko. Akauliza, mlimuwahi? Mke akasema, tulimuwahi. Akashika moyo, akaona madoa ya damu. Akashika figo, nyeusi, zimejaa. Na yeye alikuwa mtu wa mambo ya woga na figo, ndiyo elimu aliyoipenda kuliko zote tangu chuoni. Akasema, huyu aliona. Ametembezwa sana kutafuta maji, amekimbizwa na fisi pengine, amekufa na woga tu. Woga unaisha ukichemshwa. Chemsheni sana. Akapiga muhuri.

"Ilikuwa kimeta," akaniambia. "Bandama ningeiona, ningejua. Bandama ya kimeta huwa kubwa, laini, imejaa damu nyeusi. Lakini mimi nilishika moyo nikaona kitu ninachokijua."

Mwenye boma, aliyemchuna ng'ombe na kula bandama lile, alikufa kabla juma halijaisha. Watoto waliugua, wakapigwa sindano, wakapona. Maofisa walikuja, wakazika mabaki, wakachanja mifugo iliyosalia. Hakuna mtu aliyemnyooshea Mkaguzi kidole. Njaa ilikuwa imeua wengi, na mtu mmoja zaidi hakushangaza. Akahamishiwa kwetu, basi. Mjane hakuja ofisini, hakupeleka ndugu, hakulaani. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Kama angekuja akampiga makofi, nyuzi zingemwaga dawa mara moja na kufunga. Lakini hakuja.

Nilikuwa bado na hasira juu ya fahali wangu, na nilikuwa namhurumia, na vyote viwili nilikaa navyo mpaka jioni.

Miaka iliyofuata miguu ya Mkaguzi ilianza kuvimba. Akawa anasimama kupumua katikati ya kichinjio na soko, mahali ambapo palikuwa tambarare. Daktari wa hospitali ya misheni akampima presha, akasikiliza kifua, akampima mkojo. Mkaguzi alinisimulia akicheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua upepo.

"Nilimwambia daktari ile habari yangu ya nyuzi. Akashangaa. Akasema ni kweli, lakini nimejua nusu. Mimi nilifikiri zinamwaga zikiisha zinafunga. Akasema kwa mtu mgonjwa wa moyo hazifungi. Zinamwaga hata ukikaa, hata ukilala. Moyo unachoka, unapanuka. Figo zinaona ni kama kuna vita, zinashika chumvi, zinashika maji. Ndio hii miguu." Akaibonyeza, kidole kikaacha shimo. "Mama Bucha, mimi ndio yule mbuzi wa lori."

"Na dawa?"

"Ya kumeza nimepewa. Ya kufanya nisisikilize mlango, hawana."

Nilimkasirikia. Nilimwambia aende Kyuso mwenyewe, amtafute huyo mwanamke, yaishe. Ni safari ya siku moja. Mtu aliyeshika kamba ya fahali mkali anashindwa na mjane? Akaniambia alishaenda mara mbili. Mara zote mbili alifika sokoni Kyuso, akanunua chai, akarudi. Kisha akaniomba nisimuulize tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifanya kama alivyosema.

Alipostaafu walirudi kwao, kule milimani juu ya Tawa. Wengi tuliona ni vizuri, kuna baridi, kuna miti, atapumzika. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilikuta ameweka makomeo mawili mlangoni, moja juu na moja chini, na ile desturi ya kuita kutoka barabarani imehamia huko pamoja na viti. Mkewe alipika bila chumvi. Mkaguzi alilala ameketi, amezungukwa na mito, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Alikuwa amekonda juu na kunenepa chini. Tulizungumza habari za bei ya mbuzi na watu wa Mutomo, na wakati wote sikio lake moja lilikuwa nje.

Kisha yule mwanamke akaja.

Hakuenda kwake, alikuja kwangu. Nilikuwa nakata mbavu nikaona mama mmoja amesimama mlangoni mwa bucha, hanunui. Mweusi, mkavu, leso mbili, viatu vya plastiki. Alikuwa amemleta binti yake kujifungua pale hospitalini, na mtu alikuwa amemwambia kwamba mkaguzi wa nyama wa zamani aliwahi kukaa hapa.

"Mimi ni wa Kyuso," akasema, nami panga likabaki hewani. "Namtafuta yule mzee wa muhuri. Nina neno lake."

Nilihisi kitu kikinimwagikia kifuani, kisha chini ya mbavu, huku nyuma, pande zote mbili. Pale pale alipokuwa akinionyesha kwenye ng'ombe kwa miaka yote ile. Nikajua hakuwa akinidanganya.

"Neno gani, mwaitu?" nikamuuliza, nikimwita kwa heshima, mama yetu.

"La kumwambia yeye."

"Ni mgonjwa. Moyo. Neno baya linaweza kumuua."

Akafikiri. Hakuwa mtu wa haraka. "Mimi pia silali," akasema. "Sijui kama ni baya. Ni lile ninalo."

Ningeweza kumwambia simjui. Nililifikiria hilo, sitasema uongo. Lakini nilikumbuka ile chai aliyonunua Kyuso mara mbili akarudi, nikaona mtu huyu ameshakimbizwa vya kutosha. Binti alipojifungua salama, tukaondoka wawili kwenda Tawa. Tulifika tumechelewa, tukalala kwa dada wa kanisa karibu na soko. Asubuhi nilimwacha pale, nikapanda mlima peke yangu.

Niliita kutoka barabarani, jina langu, kwema. Mkewe akatoka kunipokea, nikamwambia kwa sauti ya chini nani nimemwacha huko sokoni. Akaweka chini ndoo aliyobeba.

"Usimlete. Haki, usimlete. Nimemlinda na huyu mama miaka yote. Utamuua mbele yangu?"

"Nani yuko Tawa?" Mkaguzi akauliza kutoka ndani. Hatukujua kwamba dirisha lilikuwa wazi.

Mkewe alianza kulia bila sauti. Niliingia ndani, nikamkuta ameketi kwenye mito yake, shati limelowa, mshipa wa shingo unaruka mpaka nikauona kutoka mlangoni. Nilijua kwamba ameshajua.

"Amekuja kwa miguu ama kwa gari?" akauliza.

"Gari mpaka Tawa."

"Amelala?"

"Amelala kwa dada wa kanisa."

"Amekunywa maji?"

Nikasema amekunywa chai. Akatikisa kichwa. "Chai si maji. Amesafiri kutoka Kyuso, amekaa hospitali na mtoto, na sasa unataka umpandishe mlima na jua. Mwache apumzike. Apewe maji. Aje jioni." Akavuta pumzi. "Na asije peke yake. Uje na yeye."

Nikashuka, nikafanya hivyo. Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilimfundisha mjane namna ya kuita kutoka barabarani, naye akabisha.

"Nitasemaje kwema na sio kwema?"

"Anza nayo tu. Hayo mengine yatafuata."

Jua lilipopoa tukapanda. Kwenye ua wa mikonge alisimama, akajifunga leso upya, akaita kwa sauti nyembamba, "Ni mimi, mama wa Kyuso! Kwema!" Nikasikia komeo la juu likivutwa, kisha la chini. Mkewe alikuwa amefungua mlango wote, ukagonga ukuta. Mle ndani hakuna kilichoanguka.

Mjane hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono kifuani, akitazama sakafu.

"Ile ng'ombe hatukuiwahi. Tuliikuta asubuhi imeshalala, imekuwa baridi. Mzee wangu aliikata shingo hivyo tu, ndio ionekane. Wewe uliniuliza, ukaniangalia kwa macho, nikakuambia tuliiwahi. Watoto walikuwa wanakula mizizi. Nilikudanganya, ukapiga muhuri wako, mzee akakufa. Kila mtu akasema ni njaa. Mimi najua ni mdomo wangu. Nilitaka kukuambia usife ukifikiri ni wewe."

Nilimtazama Mkaguzi. Nilitegemea aone nafuu, alie, ashukuru. Uso wake haukusogea.

"Nilijua," akasema.

Mjane akainua macho.

"Chini ya shingo hakukuwa na damu. Ng'ombe aliyewahiwa anamwaga damu, mchanga unalowa. Mchanga wenu ulikuwa mkavu. Nilijua imekufa yenyewe. Na ikifa yenyewe hairuhusiwi hata kupasuliwa. Lakini watoto walikuwa wamekaa pale na sufuria tupu wananiangalia. Nikajiambia, ni woga tu. Nikachagua woga, kwa sababu woga unaliwa. Sikudanganywa na wewe, mama. Nilijidanganya mwenyewe."

Kwangu hakuwahi kusema hivyo. Siku ile kwenye gogo, na miaka yote baadaye, aliniambia alikosea, na kumbe alijua mchanga ulikuwa mkavu. Iliniuma, kisha nikaelewa kwamba hata mimi nilikuwa barabarani wakati wote, sikuwahi kufunguliwa mlango.

Mjane alianza kutetemeka. Leso ikamwanguka. Alikuwa amebeba mdomo wake kwa miaka, na sasa anaambiwa haukuwa peke yake. Mkewe alisimama tu. Mimi pia nilisimama tu.

"Mpeni maji," akasema Mkaguzi. Halafu akamwambia mjane, kwa Kikamba, taratibu, ile sauti ya jioni kichinjioni: "Keti. Kunywa. Hakuna mtu anakufukuza."

Akaketi, akanywa. Kikombe kiligonga meno mwanzoni, baadaye kikaacha.

"Watoto walipona?" akamuuliza.

"Walipona. Mkubwa ni mwalimu. Mdogo ndiye nimemleta Mutomo. Amezaa msichana."

"Yule mdogo aliyeshika kifuniko cha sufuria?"

"Huyo."

Mkaguzi akasema, "Sawa," akaegemea mito. Mjane akaendelea kusimulia habari za huyo mtoto mchanga, uzito wake, nywele zake, anavyofanana na babu, na alipotazama tena, mzee alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo. Mkewe aliruka. Alimwekea kiganja kifuani, akasikiliza, akakibakiza pale kwa muda mrefu, nasi tukimtazama uso wake.

"Amelala," akasema, kama haamini. "Unaenda polepole."

Tulikaa pale wanawake watatu mpaka giza likaingia, bila kuwasha taa, bila kugusa kikombe. Siku hiyo sikusikia hata mbwa.

Sitasema alipona. Moyo uliopanuka haurudi, na miguu haikupungua. Mjane alirudi Kyuso na binti yake na mjukuu. Mimi nilirudi Mutomo kwenye nyama zangu, na nilikuwa nikipanga kwenda tena baada ya mavuno ya pojo.

Kabla ya mavuno, yule mfanyabiashara wa mbuzi alikuja. Alikuwa amepeleka mifugo upande wa Makueni, akapitia Tawa kumsalimu rafiki yake. Niliiona kofia yake kutoka mbali, akivuka uwanja wa soko, nikaacha kisu nikasubiri sauti. Alikuja kimya. Akawapita mbwa, wakabweka. Akafika mpaka mlangoni pa bucha akasimama, na hakusema kwema.

Nikakaa juu ya kigoda. Akaingia, akachota maji kwenye mtungi wangu mwenyewe, akanipa, akangoja ninywe.

"Mkewe amesema nikuambie," akasema. "Ilikuwa usingizini. Na mlango ulikuwa wazi. Tangu siku ile hakutaka ufungwe."